Ukuta Niliounyoosha kwa Penseli

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchora ramani ni kwamba niliunyoosha ukuta ambao haukunyooka. Sikuunyoosha kwa nyundo wala kwa timazi. Niliunyoosha kwa penseli na rula, mezani kwa mama yangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu niliona aibu kuchora kanisa lililopinda. Aliyelipia kosa hilo si mimi. Ni mtunza kanisa, na ndiye ninayetaka kumwandika hapa.

Nimeyaanza maandishi haya mara nyingi na kuyachana. Kila nilipoanza nilijikuta najitetea kwanza, nikieleza kwamba sikusoma ufundi shuleni, kwamba nilijifunza kuchora kwa kitabu kisicho na jalada nilichokinunua Tunduma kwa wauza mitumba, kikiwa kimepungukiwa kurasa za mwanzo. Yote hayo ni kweli na hayasaidii. Basi nianze na yeye.

Kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa mtunza kanisa, basi. Wageni walipenda kumwita mzee wa kanisa, naye hakuwaacha waende na kosa hilo.

"Mzee wa kanisa anakaa mbele na kushika sahani ya sadaka," aliwaambia. "Mimi nashika ngazi."

Ngazi yenyewe ilikuwa ya mkaratusi, nzito, yenye vidato kumi na vinne, na kidato cha sita kilikuwa kimefungwa kwa waya. Aliibeba begani tangu nilipoanza kumwona. Mvua ikikatika tu, kabla watu hawajatoka majumbani, ulimwona anashuka na ngazi yake kwenda kukagua kuta. Mvua aliiita mkaguzi. "Mkaguzi kapita," alisema, "twende tukasome alichoandika."

Kanisa letu liko mlimani, Ileje, njia ya kuelekea Ikinga. Lilijengwa enzi za wamisionari wa kwanza, kwa matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo. Kuta zake ni nene, unene wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Lina madirisha matano ya tao kila upande, mnara mfupi wa kengele juu ya mlango, na madhabahu upande wa mashariki. Paa lilikuwa la nyasi, baadaye likawa la bati nzito za zamani. Hakuna aliyeandika historia yake. Yule mtunza kanisa, ambaye hakujua kusoma, ndiye aliyenionyesha kwamba historia ipo, imebandikwa ukutani, ukijua pa kuangalia.

Wakati wa ujenzi kila kitongoji kilichoma matofali yake na kupewa kipande chake cha ukuta. Ili wasiibiane, kila kitongoji kiliweka alama kwenye udongo mbichi. Wa bondeni walibonyeza dole gumba. Wa kilimani walipitisha vidole viwili. Wa ng'ambo ya kijito walibonyeza gunzi la hindi, na mpaka leo unaona vishimo vya punje vimepangana kama meno. Ukianzia mlangoni ukazunguka kanisa kwa mkono ukutani, unaweza kutaja ni nani alijenga wapi, hata ukiwa umefumba macho.

Watu wazima wa kijijini walikuwa wakitaniana kwa hayo matofali kana kwamba waliyachoma jana.

"Nyie wa gunzi matofali yenu yanakunywa maji kuliko ng'ombe," mama mmoja wa kwaya alimwambia mwenzake, tukiwa tumejibanza ukutani kungoja mvua ipungue.

"Yanakunywa kwa sababu yako hai. Ya kwenu yaliungua yakawa mkaa."

Mtunza kanisa alikuwa karibu, akakata shauri. "Yote yananisumbua sawasawa. Tena acheni kuegemea, mnaniondolea chokaa."

Chokaa ilikuwa shughuli yake ya kabla ya Pasaka. Hakukubali ichanganywe na maji matupu. Lazima iwe na chumvi, na chumvi lazima iwe ya Ivuna, ile ya kupikwa kwa chungu, yenye rangi ya majivu kidogo. Aliwaagiza wachuuzi waliotoka bonde la Rukwa, na isipofika kwa wakati kanisa lilibaki na madoa hadi ifike. Mchungaji aliwahi kumletea chumvi ya paketi ya dukani. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawapa wake zake waungie mboga.

Nimesema wake zake. Alikuwa na wawili, na kwa sababu hiyo alikuwa ametengwa na ushirika tangu kabla sijazaliwa. Mtu aliyelijua kila tofali la kanisa lile hakuruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana ndani yake. Siku za ushirika, mchungaji alipoanza kuandaa mkate, yeye alinyanyuka kimya, akatoka, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa mnara. Wimbo ukianza aliuimba kutokea nje, sauti ya nne. Kwaya ilimtegemea. Asipokuwepo, sauti ya nne iliyumba.

Inasemwa kwamba mchungaji wa zamani alimwita akamtaka achague mmoja kati ya wake zake. Akauliza, "Mchungaji, nikichomoa tofali la chini ili la juu likae vizuri, hapo nimejenga?" Mchungaji akamwambia ndoa si tofali. Akajibu kwamba hilo analijua, na akaenda kuzibua mfereji.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mkali kwa watoto, na aliwahi kunipiga kofi la kisogoni kwa kukwaruza jina langu kwenye chokaa mbichi. Aliisema saruji vibaya hadharani, kwamba inakaba ukuta usipumue, lakini nyumbani kwake sakafu ilikuwa ya saruji, nyekundu, iliyosuguliwa ikang'aa. Nilipomuuliza alisema, "Pale nalala mimi. Ukuta wa kanisa haulali." Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni mashahidi wake. Akiona ufa, hakukimbilia kuuziba. Alikanda udongo laini, akaupaka juu ya ufa kama plasta ya kidonda, upana wa vidole vitatu, akauacha. Huo ndio shahidi. Baada ya mvua alirudi. Shahidi akiwa mzima, ufa umelala na unaweza kuzibwa. Shahidi akipasuka, ukuta unatembea, na kuziba ufa ni kujidanganya. Kulikuwa na mashahidi zaidi ya ishirini kanisani na alijua habari za kila mmoja. "Huyu kazeeka bila kusema kitu," alisema akimgusa mmoja. "Huyu hapa ni mmbea."

Sasa nifike kwenye ukuta wenyewe.

Ukuta wa kaskazini hutoka mlangoni ukiwa umenyooka hadi dirisha la tatu. Hapo unapinda kuelekea nje, taratibu, hadi madhabahuni. Ukikaa kwenye benchi huoni. Ukipima unaona. Wengi walisema ni uzembe wa wazee wetu, ambao hawakuwahi kuona uzi wa fundi. Mtunza kanisa alikuwa na maelezo mengine.

"Mzungu alivuta uzi wake akanyoosha," aliniambia. "Wazee wakamwambia, pale katikati pana maji. Akachimba kidogo, akasema hapana, ni pakavu. Ilikuwa Oktoba! Oktoba hata kijito ni kikavu. Akavuka Mto Songwe kwenda kwa wenzake ng'ambo, akakaa wiki kadhaa. Aliporudi akakuta msingi umezunguka pale pabovu, umekaa kwenye mwamba. Alifoka, lakini mawe yalishapangwa."

Akanipeleka ndani, chini ya dirisha la nne, ambako sakafu ilititia kila masika na yeye kila mwaka aliishindilia upya. Benchi la pale lilipewa jina la benchi la walevi kwa jinsi lilivyoinama. Akachukua nondo akaisukuma sakafuni kwenye ufa. Iliingia kama inaingia kwenye uji.

"Uzi wa mzungu ulipita hapa," alisema.

Nilimsikia. Naandika hili ili isije ikadhaniwa kwamba sikujua.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa ilipatikana nafasi ya kubadilisha paa. Bati za zamani zilikuwa zimetoboka, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa mwana wa kijiji aliyekuwa mfanyabiashara Tunduma. Aliposhuka kwenye gari lake alitusalimu "Mulishani!" kama wanavyosalimiana na Wazambia mpakani, watu wakacheka, naye alipenda wacheke. Alijitolea mbao na bati. Alichotaka ni ramani, ili kenchi, zile fremu za mbao za kubebea paa, zikatwe na kuunganishwa kabisa kwenye karakana Tunduma, zije zikiwa tayari kupandishwa. Wakasema kuna kijana anachora. Kijana huyo nilikuwa mimi.

Mimi na mtunza kanisa tulilipima kanisa Oktoba. Futi kamba yangu ilikuwa fupi na imekatika mwanzoni, kwa hiyo upana tuliupima kwa kamba yake ya katani, yenye fundo kila dhiraa. Yeye alishika ncha moja, mimi nyingine. Mlangoni tulipata mafundo kumi na sita. Dirisha la tatu, kumi na sita. Madhabahuni, kumi na saba.

"Andika kumi na saba," alisema.

Nikaandika kwenye daftari. Daftari hilo ninalo.

Nyumbani nikaanza kuchora. Nilichora ukuta ukiwa umepinda, nikafuta. Nikachora tena, nikafuta, hadi karatasi ikatoboka pale pale. Kitabu changu kilisema chumba kina pembe nne za mraba. Niliwaza mwenyekiti ataiona ramani ile Tunduma, mbele ya mafundi waliosoma, na watasema, huyu hata rula hajui kushika. Mwisho nilijiambia kwamba fundo la kumi na saba huenda ni kulegea kwa kamba. Nikaandika kumi na sita kote, nikabadilisha kuwa futi, nikapiga mistari minne iliyonyooka. Ilikuwa ramani nzuri sana. Mama aliiweka ukutani siku mbili kabla haijaenda.

Kenchi zilikuja na lori mwishoni mwa Novemba, bati za zamani zikiwa zimeshashushwa zote. Kutoka mlangoni hadi dirisha la tatu zilikaa vizuri, watu wakapiga vigelegele. Ya kwanza baada ya hapo ilikaa kwa shida, ukingoni. Zilizofuata hazikufika ukutani. Ile ya madhabahuni ilipungua dhiraa nzima, ikabaki inaning'inia kwa kamba, na mawingu yanakusanyika upande wa Malawi.

Mkutano ulifanyika pale pale nje, watu wamesimama. Mwenyekiti aliishika ramani yangu juu.

"Ramani hii imenyooka, kila mtu anaona. Tatizo ni vipimo. Vipimo vilichukuliwa kwa kutumia nini?"

"Kamba," mtu akajibu.

"Kamba ya nani?"

Watu wakamgeukia mtunza kanisa. Alikuwa amesimama na ngazi yake.

"Mzee wangu, kwa heshima zote," mwenyekiti alisema, "kamba yako imetudanganya. Katani inavutika. Dunia imebadilika, baba."

Mtunza kanisa hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nakumbuka kulikuwa na vumbi la mbao kwenye kamba ya kiatu cha kushoto.

"Kamba ni ile ile," alisema.

Basi likaamuliwa jambo ambalo likinijia mpaka leo hunikosesha raha ya chakula. Kwa kuwa kenchi zilishakatwa, na kwa kuwa ramani ilionyesha kanisa linavyopaswa kuwa, ukuta wa kaskazini kuanzia dirisha la tatu utabomolewa na kujengwa upya kwa tofali za saruji, umenyooka, ukutane na kenchi. Yaani waliamua kulisahihisha kanisa lifanane na uongo wangu. Na mtunza kanisa akaambiwa apumzike. Ngazi ilifungiwa stoo ya kamati na ufunguo akapewa kijana wa mwenyekiti.

Kipande kilichobomolewa kilikuwa cha watu wa gunzi. Akina mama wa ng'ambo ya kijito walikuja na beseni wakabeba matofali yao, mengine mazima, mengine vipande, wakaenda kuyapanga kwenye vibaraza vyao. Yule wa kwaya aliyekuwa akiwatania aliwasaidia kubeba. Hakutania siku hiyo.

Mimi nilisifiwa. Mwenyekiti alinichukua Tunduma nikamchorea duka, kisha rafiki zake wakaja, na hiyo ndiyo kazi iliyonilisha hadi sasa. Nachora fremu za maduka, nyumba za kulala wageni, vibanda vya kubadilishia fedha. Kila ramani nilirudia mara tatu, nne. Wateja walinisifu kwa umakini. Haukuwa umakini. Ilikuwa hofu tu.

Nilirudi kijijini masika ya pili baada ya ujenzi, kumzika shangazi. Ibada ilikuwa kanisani. Nilikaa karibu na dirisha jipya la nne, la alumini, na wakati wa sala nilifumbua macho nikaona ufa. Ulianzia kona ya dirisha ukashuka hadi sakafuni, nafasi ya kupitisha kidole. Ukuta mpya ulikuwa umesimama juu ya ule uji. Na juu ya ufa kulikuwa na viraka vitatu vya udongo, vyote vimepasuka katikati.

Baada ya maziko sikwenda kula. Nilizunguka kanisa nikamkuta upande wa kaskazini. Alikuwa amepungua mwili sana. Bila ngazi, alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapaka shahidi wa nne.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kumzika shangazi yako. Pole."

"Nimepoa. Kamati wanajua unakuja hapa?"

"Kamati wanasema ni fundi. Fundi anasema saruji ilikuwa imeingia unyevu. Bado hawajafika kwa mzungu na Oktoba yake." Alishuka kwenye ndoo, akajifuta mikono kwenye suruali. "Unataka kusema kitu. Sema, mguu unaniuma."

Nilikuwa nimekiandaa njiani kutoka Tunduma, kwa mpangilio, sababu tatu na ombi la msamaha. Kikatoka kitu kimoja tu. "Ilikuwa kumi na saba."

"Najua. Nilishika ncha ya pili."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulikuwa unatetemeka. Ukuta unaotetemeka huusukumi, hujui utaangukia nani. Nikasema, kijana huyu atasema kesho. Kesho yake nilikuja asubuhi na mapema, nikangoja pale mlangoni. Nikaja na kesho kutwa."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza kwa mkono wenye udongo.

"Mimi huna haja ya kuniambia, nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo."

Jumapili ile ilikuwa ya Meza ya Bwana. Wakati wa matangazo niliomba ruhusa, nikaenda mbele na daftari langu la zamani. Nilisoma: mlangoni kumi na sita, dirisha la tatu kumi na sita, madhabahuni kumi na saba. Nikasema kamba ilisema kweli, mimi ndiye niliyeandika kumi na sita kwenye ramani, na nilijua. Nikasema pia habari ya pale pabovu, na nondo.

Mwenyekiti alikuwa benchi la pili, amekunja mikono. Sauti ya kwanza kusikika ni ya yule mama wa kwaya.

"Kumbe tulibeba matofali yetu kwenye beseni kwa ajili ya penseli!"

"Matofali yetu," mama wa ng'ambo alimsahihisha. "Wewe ni wa bondeni."

Watu wakacheka, na mimi nikashindwa kucheka. Mwenyekiti alisimama. Nilidhani atanifokea, na alikuwa na haki. Akauliza tu, "Mzee yuko wapi?"

Alikuwa nje, kwenye kizingiti cha mlango wa mnara. Mkate ulikuwa umeshaandaliwa.

Mwenyekiti akamtuma kijana wake stoo. Tukiwa ndani tulisikia mbao ikigonga mlango, ngazi ikitolewa, kisha ikiegemezwa ukutani upande wa mnara. Hakuna aliyemwita ndani kushiriki, hilo halikubadilika. Lakini wimbo ulipoanza, sauti ya nne ilikuwepo.

Mwezi uliofuata walichimba nje ya ukuta mpya kwa maelekezo yake, wakaufikia mwamba, wakajenga viegemeo viwili vizito vya kuuzuia. Cha pili walikijenga kwa matofali ya gunzi yaliyorudishwa kutoka vibarazani. Ramani ya viegemeo hivyo niliichora mimi, mtunza kanisa akiwa amekaa kando yangu, na hakuna mistari miwili ndani yake inayokwenda sawa.

Shahidi wa nne hajapasuka. Na mimi, tangu siku ile, nikipima upana wa nyumba napima mara tatu, mlangoni, katikati na mwisho, na naandika namba zote tatu kwenye ramani, hata zisipofanana.